Sivuti, Daktari

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na miwili katika shule moja ya msingi karibu na Kasikeu, na kwa muda huo wote niliwapigia watoto kelele juu ya jambo moja: viambishi vya wakati si mapambo. Kuna -na- ya sasa hivi, na -li- ya mambo yaliyopita. Kuna -me- ya jambo ambalo limetendeka na matokeo yake bado yamesimama hapa yanatuangalia. Halafu kuna hu-, ya mazoea, ya kila siku kama jua la Makueni. Mtoto aliyeniandikia "ninaenda kanisani kila Jumapili" nilimpigia mstari mwekundu, nikamuuliza anaendaje kanisani na huku ameketi mbele yangu anatafuna kalamu.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba siku niliyomdanganya daktari sikudanganya kwa ujinga. Nilidanganya kwa sarufi.

"Unavuta sigara?" aliniuliza.

"Sivuti," nikasema.

Na kweli, wakati ule, nikiwa nimeketi kwenye benchi la zahanati mikono juu ya magoti, mke wangu kando yangu na Biblia yake ndani ya mkoba, sikuwa ninavuta chochote. Nilikuwa nimevuta nusu saa kabla, na nilinuia kuvuta nikifika nyumbani.

Sigara nilijifunza chuoni nikisomea ualimu. Pale kila mtu aliyejiona ana akili alivuta, na mimi nilijiona nina akili nyingi. Halafu nikampenda msichana wa Mutomo, upande wa Kitui, ambaye baba yake alikuwa na mbuzi wengi na wokovu mwingi zaidi. Mzee huyo alinitumia ujumbe kwamba hana haja na mkwe anayetoa moshi puani kama jiko la kuni. Basi nikaokoka. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba nimeacha sigara, na ilikuwa kweli tupu, kwa maana niliacha siku ya Alhamisi. Nilidumu siku kumi na moja. Harusi ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya mwongo wa kwao. Yangu ilikwenda miaka thelathini na moja bila kona, na iliyonibeba ni nyuki.

Ukambani mwanamume akisema anaenda kuangalia mizinga haulizwi swali. Anaheshimiwa. Mwezi wa pili wa ndoa nilitundika mizinga miwili ya magogo kwenye migunga kule chini mwa shamba, karibu na mkondo ambao huwa na maji wiki mbili kwa mwaka. Nikatafuta mkebe, nikautoboa matundu, nikawa nachoma ndani yake mavi makavu ya ng'ombe, kama afanyavyo kila mfuga nyuki. Moshi huo una harufu inayomeza kila harufu nyingine duniani. Asubuhi kabla ya shule nilikwenda "kuangalia nyuki", sigara mbili. Jioni nilikwenda tena, sigara nne. Nilirudi nyumbani nikinuka zizi linaloungua, na mke wangu alikuwa akinipokea koti akicheka.

"Unanuka nyuki, Mwalimu," alisema. Alisema kwa mapenzi. Miaka yote hiyo alisema kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Ukweli ni kwamba nyuki siwapendi. Nao walilijua hilo. Nyuki anayetiwa moshi mara mbili kwa siku bila sababu huchoka na kuhama, kwa hivyo mzinga mmoja ulikaa mtupu karibu maisha yake yote, nami nikaufanya kabati la pakiti zangu. Ule wa pili ulitoa asali ya kujaza kikombe, tena kwa kinyongo. Ilibidi nitafute asali kwingine. Kila wiki mbili nilikwenda Malili, barabara kuu, mahali ambapo watu wanapita tu na hakuna anayekujua, katika duka la mama mmoja aliyehamia kutoka Murang'a. Alinifungia sigara zangu ndani ya gazeti la juzi.

"Mwalimu, leo ni gazeti peke yake," aliniuliza, "ama gazeti na asali?"

Nikirudi na asali ya Malili, mke wangu aliionja kwa kidole na kusema kwamba nyuki wetu wamebarikiwa. Aliwapa hata wenzake wa ushirika wa akina mama kanisani, ambao yeye ni mwenyekiti wao. Nilipata sifa ya ufugaji. Vijana walikuja kuniuliza siri yangu.

Sasa nije kwenye mkojo, kwa sababu hapo ndipo tulipo.

Udongo wetu ni mwekundu na choo chetu ni cha shimo. Mwanamume wa huku anaweza kukojoa damu mwaka mzima asijue, maana udongo unameza na shimo halisemi. Nilijulia Nairobi, kwa binti yetu, ambaye ana choo cha kukaa, cheupe hata unaona haya kukitumia. Nikakitumia asubuhi moja gizagiza, kabla ya kuwasha taa. Tena kwa mazoea yangu ya shimo nikatoka zangu bila kuvuta maji. Mke wangu akaingia baada yangu, akawasha taa.

"Mwalimu," akaita kutoka ndani, "ni nani amemwaga juisi kwa choo?"

Hakukuwa na juisi katika nyumba ile. Tulisimama wote wawili juu ya kile choo tukitazama ndani kama watu wanaotazama kisima. Sikuwa na maumivu yoyote. Nilisema labda ni vile viazi vyekundu vya saladi, akanikumbusha kwamba saladi nilikataa.

Tuliporudi nyumbani ndipo tukaenda zahanati, na hapo ndipo lile "sivuti" langu lilipotamkwa. Daktari wa zahanati alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniuliza kama utotoni niliogelea kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo. Nani hakuogelea? Silanga ndiyo ilikuwa bahari yetu. Ng'ombe walikunywa upande mmoja, sisi tukaruka upande mwingine, na konokono walikuwa kila mahali. Katika rika langu mvulana aliyekuwa bado hajakojoa damu alichekwa kwamba hajawa mtu. Daktari akaandika: kichocho, labda cha zamani. Akanipa dawa. Nisimlaumu. Alipewa mzee anayekojoa damu, aliyeogelea silanga, asiyevuta sigara. Kwa hesabu ile hata mimi ningeandika kichocho.

Nilimeza dawa, na baada ya siku nne mkojo ukawa safi kama maji ya mvua. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimepeleka kule kwenye mizinga mkebe mweupe wa rangi, nikawa nakojoa humo na kukagua. Safi! Na hapa nikafanya kosa ambalo nadhani ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Nilikwenda kanisani nikashuhudia.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Tena asifiwe!"

"Amen!"

Nikawasimulia yote. Mimi mtu wa kwaya na mzee wa kanisa, sikuweza kujizuia. Niliwaeleza silanga, nikawaeleza konokono, ambaye katika masimulizi yangu alikuwa amekaribia kuwa yule nyoka wa Edeni. Nikasema ugonjwa uliokaa ndani yangu zaidi ya nusu karne umeng'olewa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mke wangu alilia kwa furaha, akapangusa macho kwa leso ya kanisa. Nadhani sijawahi kufundisha somo likaeleweka vizuri vile.

Wiki ya tano, Jumanne, mkebe ukawa mwekundu.

Sasa utafanyaje? Ushuhuda si barua, huwezi kuandika nyingine ukasema ile ya kwanza ipuuzwe. Nimetangaza kwamba Mungu ameniponya, halafu nisimame niseme alikuwa hajamaliza? Nikajiambia labda ni mabaki. Nikajiambia labda nimebeba gunia zito. Damu ikakata wiki moja, nikashukuru. Ikarudi wiki mbili. Miezi saba nilikagua mkebe ule asubuhi na jioni, sigara mdomoni, na kila niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza, "Uko sawa?" nami nikasema niko sawa. Kila alfajiri nilimsikia akipiga magoti upande wake wa kitanda, akimshukuru Mungu kwa kichocho kilichoisha na kumwomba kisirudi. Nilikuwa naogopa. Naweza kusema sasa: niliogopa kama mtoto, na nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kuvuta.

Iliisha Jumapili moja, katikati ya wimbo. Nilikuwa naongoza kwaya, mikono juu, na tangu asubuhi kibofu kilikuwa kimekataa kutoa hata tone. Nilifikiri nitavumilia hadi mwisho wa ibada. Sauti ya tatu ilipoingia nikaona nyota, nikainama, na kwaya, kwa kuwa niliwafunza kunifuata kwa kila kitu, nayo ikashusha sauti kadiri nilivyoinama, mpaka mimi nikawa sakafuni na wao wananong'ona. Mabonge ya damu yalikuwa yameziba njia. Nilipelekwa hospitali ya karibu, nikawekewa mpira wa kutolea mkojo, nikapata nafuu ambayo siwezi kuieleza kwa maneno ya mzee wa kanisa.

Mke wangu haamini hospitali yoyote isipokuwa ile ya misheni huko kwao Mutomo, ambako alizaliwa yeye na akazaa watoto wetu wote. Siku nne baadaye nilikuwa Mutomo na mpira wangu na mfuko wangu wa mkojo, nimeuficha ndani ya kiondo ili mbuzi wa mjini wasiuone. Ilikuwa ni wiki ambayo daktari bingwa wa mambo ya mkojo anakuja. Mwanamke, mdogo kuliko binti yetu. Alinieleza kwa upole kwamba atapitisha kamera. Nilipoelewa ataipitisha wapi, niliona haja ya kumweleza kwamba ile ni barabara ya kwenda tu.

"Zitapishana, mzee," akasema. "Lakini kwanza niulize. Unavuta sigara?"

Mke wangu alikuwa ameketi pale pale. "Sivuti," nikasema.

"Hajawahi guza tangu anioe," mke wangu akaongeza, na uso wake ulikuwa na fahari. "Daktari, huyu ni mzee wa kanisa. Aliacha hiyo maneno kabla hata hajanioa. Huyu ni nyuki tu."

"Nyuki?"

"Anafuga nyuki. Kila siku yuko kwa moshi ya nyuki."

Daktari alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Akaandika. Mimi, ambaye nasoma mwandiko wa watoto wa darasa la nne kichwa chini, nilisoma: havuti, moshi wa nyuki.

Kamera ikaenda, na ilipofika ikakuta uvimbe. Akaukwangua kwa njia ile ile, akachukua kipande kipelekwe maabara, akatuambia turudi baada ya mwezi. Alisema neno lenyewe, saratani, kwa sauti ya kawaida, bila kupamba. Alisema yawezekana. Mke wangu alinishika mkono na hakuuachia hadi tulipofika nyumbani Kasikeu. Ni safari ndefu, mkono ulikufa ganzi.

Mwezi ule ulikuwa mbaya kuliko mpira. Mke wangu si mtu wa kukaa na adui bila kumshughulikia, na adui alikuwa amekwisha kumpata. Katika ushirika wa akina mama alisimama akawaonya kwamba moshi wa mizinga unaleta saratani ya kibofu. Daktari ameandika, alisema, ameona kwa macho yake. Habari ikatembea. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye mizinga arobaini, ambaye asali ndiyo shamba lake na ndiyo mahindi yake, alikuja kwangu ameshika kofia.

"Mwalimu, wewe ni mtu umesoma," akasema. "Ni kweli hii maneno ya moshi? Mke wangu anasema niteremshe zote."

Nikamwambia asiharakishe. Nikamwambia utafiti bado unaendelea. Aliondoka hajaridhika, nami nikabaki nimesimama mlangoni nikiona jinsi pakiti moja ya sigara ilivyo karibu kummaliza mzee asiyejua hata ladha yake.

Siku chache kabla ya kurudi Mutomo, saa nne asubuhi, nilikuwa kule kwenye migunga. Nilikuwa nimewasha. Nikasikia miguu, nikazima kwa soli na kuushika mkebe wangu wa moshi kama mtu mwenye kazi. Alikuwa mke wangu. Mkononi alikuwa na kibuyu cha mafuta ya taa.

"Toka hapo, Mwalimu," akasema. "Leo hizi zinaisha."

"Mama, ngoja."

"Sitangoja. Zimekumaliza na bado unaziendea? Kwani zimekuloga?"

Alikuwa analia. Alikuwa ameshafungua kifuniko. Mzinga aliouelekea kwanza ulikuwa ule mtupu, kabati langu, na ndani yake mlikuwa na pakiti moja na nusu na kiberiti. Ningeweza kumwacha. Niliifikiria hiyo njia, nisijidai mtakatifu: moto ungeteketeza ushahidi wote, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa ameuwasha. Lakini aliinua kile kibuyu kwa mikono miwili, na yote ilikuwa kwa ajili yangu.

"Nyuki hawana makosa," nikasema.

Nikaingiza mkono ndani ya mzinga, nikatoa pakiti, nikampa. Aliigeuza mara mbili, akaifungua, akahesabu kwa macho. Halafu akainusa. Nadhani hapo ndipo alipoitambua, ile harufu iliyokuwa chini ya harufu ya mavi ya ng'ombe, ile aliyoipokea na koti langu jioni zote zile.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya harusi."

Aliketi chini, kwenye udongo, na nguo yake nzuri. Nilitegemea kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele, nilikuwa nimejiandalia majibu ya kelele kwa miaka thelathini na moja.

"Kwa hivyo mimi," akasema polepole, "nimeomba miezi saba juu ya kichocho."

Akaiweka pakiti kwenye udongo.

"Na mwezi mmoja juu ya nyuki."

Akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha ndani yake, kisha akafunga kibuyu chake akapanda zake nyumbani. Nilibaki pale na aibu yangu. Nyuki wa mzinga wa pili waliendelea na shughuli zao.

Mutomo tulikwenda bila kushikana mikono. Daktari alikuwa amefungua faili. Kabla hajasema neno, mke wangu alinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Hapo penye umeandika nyuki, futa," akasema. "Andika sigara. Sita kwa siku, miaka thirty-one. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya elfu sitini na saba."

Daktari hakushangaa hata kidogo. Akafuta, akaandika, kisha akatusomea majibu ya maabara. Ni saratani. Imepenya ngozi ya ndani ya kibofu, imeingia tabaka la pili, lakini haijafika kwenye msuli. "Na hii ni gredi ya juu," akasema.

Miaka thelathini na miwili nimengoja mtu aniambie hivyo juu ya kazi yangu. Nikacheka peke yangu.

Akanieleza. Sumu ya moshi huingia kifuani, ikatoka ikaingia kwenye damu. Figo huichuja ile damu na kuitupa sumu kwenye kibofu, ikakaa humo na mkojo. "Na nyinyi walimu mnashikilia mkojo mpaka kengele ilie," akasema. Kichocho nacho kina kesi ya kujibu katika vibofu vya watu wetu, lakini uvimbe huu wangu, kwa aina yake, ulikuwa unanuka tumbaku. "Na sigara haileti ugonjwa halafu iende zake, mzee. Ikishauleta, inaulea. Wale wanavuta, mara nyingi tunapata yao imeingia ndani zaidi na ni kali zaidi. Na ukiendelea kuvuta, tunakwangua, inarudi. Ikirudi ikiwa imefika kwa msuli, nitatoa kibofu yote, nikuwekee mfuko hapa kwa tumbo."

"Ningesema mapema?" nikauliza.

"Mapema imeenda," akasema. "Acha leo."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kurudisha ushuhuda, kama mtu anavyorudisha sufuria ya jirani ikiwa imeungua. Nikasema haikuwa kichocho. Nikasema ni sigara, na nikasema tangu lini. Nikasema moshi wa mizinga haujanidhuru, na nikamtaja yule jirani kwa macho ili ajue mizinga yake arobaini iko salama. Nilipomaliza nikasema "Bwana asifiwe" kwa mazoea, na hakuna aliyejua kama aitikie. Mwishowe mtu mmoja nyuma akasema "Amen" kwa sauti ya kuuliza. Uzee wa kanisa ulipumzishwa. Kwaya wakapewa mwingine, ambaye hajui kupiga hata sol-fa, lakini hilo ni somo jingine.

Dawa niliyopewa ni ile jamaa ya chanjo wanayodungwa watoto wachanga mkononi kuzuia kifua kikuu. Mimi nilimiminiwa ndani ya kibofu kwa mpira, Nairobi, mara moja kwa wiki, wiki sita. Ukishamiminiwa unaibana saa mbili, umelala, na kila robo saa unageuka, mgongo, ubavu, tumbo, ubavu, ili dawa ifike kila pembe. Nilikuwa nalala kwa binti yetu, na mke wangu aliketi kwenye kiti kando ya kitanda na saa mkononi.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Hilo ndilo neno pekee aliloniambia kwa wiki tatu za kwanza. Alinigeuza kama chapati, kwa wakati, bila kuniunguza na bila kunitazama. Saa mbili zikiisha nilikwenda kwenye kile choo cheupe, nikakikalia, na yeye akaja nyuma yangu na chupa ya dawa ya madoa, akamimina kama tulivyoagizwa, akavuta maji mwenyewe. Wiki ya nne, nikiwa nimelalia tumbo, aliniuliza ile asali ya miaka yote ilitoka wapi. Nikamwambia Malili. Akaitazama saa hadi robo saa ikaisha.

"Ilikuwa tamu," akasema. "Geuka."

Kuacha sigara siwezi kukuelezea. Nilitafuna karafuu, nikatafuna vijiti, nikamtafuna kila aliyenikaribia. Jioni mke wangu alishuka nami hadi kwenye migunga, saa zile zile, tukaketi tu. Mzinga wa pili, kwa kutotiwa moshi, ulianza kuvuma. Miezi ikapita, nikaanza kujisifu moyoni.

Siku mbili kabla ya kupitishiwa kamera tena, hofu ilinishinda. Niliteremka peke yangu. Nikaingiza mkono katika mzinga ule mtupu, ndani kabisa, pale ambapo sikuwa nimemwonyesha, na vidole vikaikuta sigara moja iliyosahaulika, kavu kama kijiti. Niliivuta yote. Haikuwa hata tamu. Nikafukia kipande, nikanawa kwa mchanga, nikapanda nyumbani.

Mutomo, kamera ikaenda barabara yake. Daktari aliitazama skrini kwa muda, akaizungusha, akaizungusha tena. "Safi," akasema. "Sioni kitu." Mke wangu aliweka mikono yote miwili kifuani akasema asante Yesu, asante Yesu, kisha akaushika mkono wangu, mara ya kwanza tangu siku ya kibuyu. Nilihisi kila kidole chake.

Daktari alirudi mezani kuandika tarehe ya kurudi, baada ya miezi mitatu. "Na sigara?" akauliza bila kuinua kichwa. "Unavuta?"

Kiswahili kina ukarimu mkubwa kwa waongo. Ukikanusha -na- unasema sivuti, na ukikanusha hu- unasema sivuti vilevile. Neno moja, milango miwili imefungwa, na nyuma yake mtu anaweza kukaa miaka thelathini na moja. Nami wakati ule sikuwa ninavuta. Wala sikuwa mtu wa kuvuta tena. Hakuna mwalimu duniani ambaye angenipigia mstari mwekundu. Mkono wa mke wangu ulikuwa ndani ya wangu.

"Nimevuta," nikasema. "Moja. Juzi jioni, kwa mizinga."

Kalamu ya daktari ilisimama. Mke wangu hakunigeukia, na mkono hakuutoa, ila niliuhisi ukikaza hadi pete yake ikaniuma.

"Andika," akamwambia daktari. "Hiyo ya juzi, andika. Mimi nataka kujua naomba juu ya nini."